MVINYO MKAVU NA ZABIBU KAVU: LUGHA YA ZIARA MOJA YA DODOMA

Maandishi tunayoletewa ili tuyatazame Kiswahili chake ni ya namna nyingi: fomu za serikali, maelezo ya dawa, mikataba, hata maagizo ya kuendeshea mashine. Safari hii tuliletewa kipeperushi cha kurasa nne kinachotangaza ziara ya siku moja ya mvinyo na chakula katika mashamba ya mizabibu ya Dodoma, kwa kikundi cha watu wasiozidi wanane. Kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha kikafasiriwa. Tulipokisoma mara ya kwanza tulicheka. Tulipokisoma mara ya pili tuliona kwamba kucheka hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya maneno yake yamekwisha kuingia katika barua za maofisa na katika mikataba ya wakulima. Tukaona pia kwamba si haki kumhukumu mfasiri tukiwa tumekaa mezani na kamusi zetu. Tukalipa nauli tukaenda.

Tulikuwa watu saba: wafasiri watatu, walimu wawili, ofisa mmoja wa forodha, na mwalimu mstaafu wa kutoka Lindi ambaye ni Mwislamu na hagusi kileo. Huyu wa mwisho alikubali kufuatana nasi kwa ajili ya mashamba na chakula, na itaonekana hapa chini kwamba ndiye aliyetufaa kuliko sisi sote.

Kosa la kwanza lilitupata kabla ya gari kuondoka. Kipeperushi kilisema kwamba tutapokewa na "kiongozi wa msafara". Katika lugha ya ofisi zetu kiongozi wa msafara ni mkubwa wa ujumbe, yule ambaye hukaa kiti cha mbele na kutoa neno la shukrani. Basi dada aliyekuja kutupokea alipouliza kama tuko tayari, kila mtu alimgeukia ofisa wa forodha, ambaye ndiye mwenye cheo, naye akaanza kutengeneza koti lake ili ajibu. Neno lipo, nalo limezoeleka: mwongoza watalii, au kwa ziara kama hii, mwongozaji tu. Tunalipita upesi, kwa kuwa kosa lenyewe ni la uvivu, wala si la upungufu wa lugha. Dada mwenyewe alituamkia "Mbukwenyi", kwa Kigogo, kisha akampa shikamoo mzee wetu wa Lindi, akatutaka tupande.

Sasa tuje kwenye jina la kinywaji chenyewe. Kipeperushi kinatumia divai katika ukurasa wa kwanza, mvinyo katika wa pili, na waini katika wa tatu, kana kwamba ni vinywaji vitatu. Mvinyo ni la Kireno, nalo lilikuja pwani pamoja na meza, leso na bendera. Divai ni la Kifaransa, nalo limekita mizizi kanisani; Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hulitumia katika habari ya arusi ya Kana, na katika Misa husemwa mkate na divai. Waini ni Kiingereza cha juzi. Wapo wanaolikataa neno mvinyo kwa sababu katika matumizi ya zamani ya pwani lilibeba hata vileo vikali. Sababu hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Leo sheria, viwanda na wakulima husema mvinyo, na vileo vikali vina majina yake. Sisi tunaona kwamba mvinyo ndilo liwe neno la biashara na la serikali, na divai libaki pale lilipo, kwenye altare. Tena si jambo dogo kwamba zabibu za Dodoma zilianzia huko huko altareni: zililetwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, huko Bihawana. Kwa hiyo neno la kanisa na neno la soko yamekua katika udongo mmoja, na anayetaka kufuta moja ili jingine lipumue hana haja ya kufanya hivyo.

Neno zabibu lenyewe lina historia ambayo mfasiri wetu angeijua, asingeanguka katika shimo aliloangukia. Kwa Kiarabu zabibu ni tunda lililokwisha kukaushwa. Tunda bichi lina jina jingine kabisa. Watu wa pwani walilijua tunda hili likiwa kavu, limekuja kwa jahazi pamoja na tende, wakalipa jina lile lile lililokuja nalo. Mizabibu ilipopandwa bara na tunda likaonekana likining'inia, bichi, lenye maji, jina halikubadilika, ila tukalazimika kuliongezea lile la zamani sifa ambayo kwa Kiarabu ingekuwa upuuzi: zabibu kavu. Basi mfasiri alipokuta katika Kiingereza mvinyo ukiitwa "mkavu" akaandika "mvinyo kavu", na mmoja wa walimu wetu, mtu msomi, akauliza kwa dhati kabisa kama mvinyo huo umetengenezwa kwa zabibu kavu. Kisha akauliza jinsi kitu cha majimaji kinavyoweza kuwa kikavu.

Swali la pili ni zuri kuliko linavyoonekana. Anachotaka kusema Mwingereza ni kwamba sukari yote ya tunda imekwisha kugeuka kuwa kileo, hivi kwamba ulimi hauoni utamu. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Ikiachwa ichachuke mpaka mwisho, utamu hutoweka. Sisi tunaweza kusema "mvinyo usio tamu", na kinyume chake "mvinyo mtamu", na kila mtu akaelewa, pamoja na yule mwenye kisukari ambaye daktari amemkataza sukari na ambaye kwa neno "kavu" hajaambiwa lo lote la kumfaa. Tunajua kwamba wauzaji wa mijini wamekwisha kuzoea "mkavu". Wakitaka waendelee nalo katika baa zao. Lakini ofisa anayeandika kibandiko cha chupa aandike habari ya sukari.

Tukafika shambani, upande wa Hombolo. Hapa kipeperushi kimesheheni viungo vya binadamu. Mvinyo una "pua ya matunda mekundu". Mvinyo una "mwili kamili". Mvinyo una "miguu mirefu". Tulipomsomea dada mwongozaji maneno haya alicheka mpaka akaegemea mti wa uzio. "Mimi huwaambia wageni ni mzito," alisema. "Kama uji. Kuna uji mzito na kuna uji mwepesi." Hapo tukafunga daftari kwa muda. Uzito ndilo neno, nalo lilikuwa jikoni kwa kila mama tangu zamani. Hakuna kamati iliyohitajika.

Kuhusu pua, kosa ni kubwa zaidi, kwa sababu Kiswahili ni tajiri hasa pale ambapo mfasiri alikopa. Sisi tuna harufu, ambayo haina upande. Tuna kunukia, ambako ni kwema. Tuna kunuka, ambako ni kubaya. Tuna shombo ya samaki na uvundo wa kitu kilichooza. Mvinyo mwema hunukia. Mvinyo ulioharibika hunuka, tena hunuka siki. Tofauti ya irabu moja tu inamwambia mnunuzi jambo ambalo Mwingereza hulitafutia maneno matatu. Kumpa mtu mwenye hazina hiyo "pua" ni sawa na kumwazima kibatari mtu aliyeshika taa.

Miguu mirefu tumeiacha shambani.

Lakini lipo neno moja ambalo tulikwenda tukidhani kwamba hatuna. Katika ngozi na mbegu za zabibu mna kitu ambacho hukausha kinywa na kukwaruza ulimi, nacho huonekana hasa katika mvinyo mwekundu, kwa kuwa huo huchachushwa pamoja na maganda yake, ilhali mweupe hukamuliwa kwanza na maganda kutupwa. Mfasiri aliandika "tanini", akaongeza kwamba ni "uchungu". Tanini ni jina la kemikali, na kwa mwanakemia linafaa. Uchungu ni kosa, maana uchungu ni wa shubiri na mwarobaini. Wafasiri wetu watatu walikuwa wakibishana juu ya "mkwaruzo" na "ukaukaji" wakati mzee wa Lindi, ambaye alikuwa amechuma zabibu moja ya rangi ya damu ya mzee, aliila, akaitafuna na mbegu zake, akakunja uso.

"Mbona huu ni ukakasi," alisema. "Kama bibo."

Mtu wa Lindi anajua bibo. Tunda la mkorosho huacha kinywani kile kile kinachoachwa na zambarau isiyoiva na ndizi changa, na neno lake ni ukakasi. Ugwadu ni jambo jingine, nao ni wa ndimu na ukwaju. Ugwadu ukizidi ndipo meno hutiwa ganzi, kama wafasiri wa Biblia walivyojua walipokutana na habari za zabibu kali. Basi tukawa na maneno mawili yaliyotengana vizuri: ugwadu kwa asidi, ukakasi kwa kile kitokacho katika maganda na mbegu. Na yametoka kwa mtu ambaye hakutia tone la mvinyo kinywani. Tunataja hivyo kwa sababu zipo barua tulizowahi kupokea zikidai kwamba istilahi za vileo si kazi ya lugha ya watu wengi ambao hawanywi. Anayetoza ushuru, anayepima udongo, anayefundisha kilimo, na anayefasiri mkataba wa mkulima, wote wanayahitaji maneno haya, wanywe wasinywe.

Kutoka shambani tulikwenda kiwandani, na hapa ndipo tulipopata sababu ya kuandika makala hii. Kipeperushi kiliahidi "handaki la kale la mvinyo" lenye "mapipa ya mwaloni". Handaki ni shimo la askari. Tena hapakuwa na shimo la aina yo yote, bali matangi marefu ya chuma kisichoshika kutu, yamesimama juu ya sakafu ya saruji. Mfasiri alifuata maneno ya ziara ya Ulaya bila kuangalia mahali alipo. Juu ya mwaloni tuseme kidogo: neno hilo kwa mti ule limo katika Biblia na halina kosa, lakini mmoja wa walimu wetu ni wa Mwanza, na kwao mwaloni ni penye mwalo, mahali mitumbwi inapofika na dagaa huuzwa. Alitaka kujua mvinyo unapataje kukaa katika mapipa ya Kirumba. Ni vizuri kuandika "pipa la mti wa mwaloni", gharama yake ni neno moja tu.

Penye matangi dada alisema, "Na huu ndio mchuzi." Wafasiri wakatazamana.

Kipeperushi hakitumii neno hili hata mara moja. Mahali pake kimeandika "juisi ya zabibu" katika aya moja, na "mvinyo ghafi" katika nyingine, kwa kuwa, tunavyodhani, mfasiri aliona haya. Mchuzi kwa msomi ni wa wali na samaki. Kuuleta katika habari za mvinyo kunamkumbusha sufuria. Lakini katika Dodoma yote mchuzi wa zabibu ni bidhaa kamili yenye jina lake: ni zabibu zilizokwisha kukamuliwa na kuchachuka, ambazo hazijasafishwa kwa mara ya mwisho wala kutiwa chupani, zinazouzwa kwa lita kutoka katika tangi. Mkulima hulitumia neno hili. Kiwanda kidogo kinachouzia kiwanda kikubwa hulitumia. Limesikika bungeni na limeandikwa katika karatasi za serikali. Halikubuniwa na mtu mezani. Lilitokea mahali kitu kilipotokea.

Na kitu hicho kina uzito wake maishani mwa watu. Zabibu hazingoji. Zikiiva ni lazima zichumwe, na zikichumwa ni lazima zikamuliwe, la sivyo huoza katika siku chache. Zimekuwapo misimu ambayo wakulima wa Dodoma waliziona zikioza kwa kukosa mnunuzi. Mwenye mahali pa kukamulia na tangi la kuhifadhia anaweza kusubiri bei, kwa kuwa mchuzi husubiri. Kwa hiyo tofauti kati ya zabibu na mchuzi ni tofauti kati ya mtu anayeuza kwa hofu na mtu anayeuza kwa hiari. Mama mmoja mkulima tuliyemkuta penye mizani alituambia kwamba aliwahi kutia sahihi karatasi iliyosema atalipwa "baada ya juisi kupimwa". Yeye alielewa kwamba ni siku ile ile, kwa kuwa juisi hutoka siku ile ile zabibu zinapokamuliwa. Mnunuzi alikusudia mchuzi, ambao ni wa wiki kadhaa baadaye. Hatukuiona karatasi hiyo, wala hatumtaji mnunuzi. Lakini hatukuwa na sababu ya kumshuku mama yule, kwa maana kosa kama hilo tulikuwa nalo mkononi, limepigwa chapa kwa rangi nne.

Ofisa wa forodha alilitazama jambo hili kwa upande wake. Juisi si kileo. Mchuzi ni kileo. Sheria ya ushuru wa bidhaa kwa miaka mingi imetofautisha mvinyo ambao zabibu zake za humu nchini zinazidi asilimia 75 na mvinyo mwingine, na wa nyumbani hutozwa kidogo kuliko wa nje. Mtu atakayeleta matangi ya mchuzi kutoka nchi nyingine na kuyaandika "juisi" kwa kufuata kipeperushi hiki atakuwa amepita mlango ambao si wake, naye ofisa asiyejua neno la Dodoma hatajua amuulize nini. Sisi tunasema wazi: mchuzi wa zabibu liandikwe katika orodha za istilahi kama lilivyo, lifafanuliwe, wala lisibadilishwe kwa neno la adabu zaidi. "Mvinyo ghafi" si baya, lakini hakuna anayelisema.

Tuligombana kidogo, sisi kwa sisi, juu ya mwaka. Kipeperushi kinajivunia "mwaka wa zabibu" ulioandikwa katika kila chupa. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, huzaa mara moja kwa mwaka, na kuutaja mwaka ni kuyataja mavuno. Dodoma iko karibu na nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mzabibu haulali, bali huamshwa kwa kupogolewa, na miezi minne hivi baadaye huwa na matunda. Kwa hiyo mavuno ni mawili, ya Februari na Machi, na ya Agosti na Septemba. Ya kwanza hukutana na mvua, na maji yakizidi sukari hupungua katika tunda. Ya pili hupata jua na ukavu. Wakulima husema "sukari imepanda" au "haijapanda", na bei hufuata. Basi chupa inayosema mwaka tu haijasema kitu cha maana. Mfasiri hakukosea hata neno moja la Kiingereza, ila amefasiri hali ya hewa ya watu wengine. Wengi wetu tulipendelea "msimu wa mavuno", ukitajwa mwezi kisha mwaka. Mmoja alisema kwamba "msimu" peke yake ni pana mno. Kura zilikuwa nne kwa tatu.

Chakula kilikuwa kizuri, nacho ndicho sehemu ya ziara ambayo kipeperushi kimeiharibu kwa maneno mengi kuliko mengine. Tuliahidiwa "ndoa ya mvinyo na vyakula vya asili". Tulipewa ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji na mbuzi wa kuchoma, na hapakuwa na arusi. Watu wetu husema kinywaji kinapatana na chakula, au ni cha kushushia. Dada alitumia neno moja zuri zaidi: alisema mvinyo mweupe wenye ugwadu "hukata" utelezi wa mlenda, kama vile ndimu inavyokata shombo ya samaki. Wapishi wote wa pwani wanalijua kukata huku. Lingewekwa katika kipeperushi, mgeni angetambua kwa nini amepewa mweupe kwa mlenda na mwekundu kwa mbuzi, jambo ambalo "ndoa" haimwelezi. Mzee wetu alipewa maji ya zabibu yaliyokamuliwa asubuhi ile, ambayo ni juisi ya kweli, naye akaiita hivyo kwa sauti kubwa, akimtazama ofisa wa forodha.

Limebaki neno ambalo hatukulipata. Mvinyo ukiisha kumezwa, ladha hukaa kinywani, mmoja kwa muda mfupi, mwingine kwa muda mrefu, na kwa waonjaji hiyo ni sifa kubwa. Kipeperushi kimeandika "mwisho mrefu", ambayo inatisha. Dada husema "unakaa", na kwa kitenzi inatosha: mvinyo huu unakaa, ule haukai. Jina ndilo linalosumbua. "Ukaaji" lina harufu ya sensa. "Masalio ya ladha" linaonekana kama makombo ya mezani. Wasomaji wetu walioko Hombolo, Mpunguzi na Bihawana, na wengine wanaofanya kazi hii kila msimu, watuandikie wakitaja kijiji, na neno kama linavyosemwa huko.